Miraba ya Matope

Temeke, Jumatatu, 9 Machi 1953

Daftari hili lilitengenezwa kwa mahudhurio ya wakata mkonge. Kila ukurasa una safu ya jina, safu ya siku, na safu pana iliyoandikwa "Sababu ya kutofika". Niliondoka nalo Korogwe mwaka jana nilipoacha ukarani. Leo nimeanza kuliandika kwa sababu nina jambo la kulalamikia, na mke wangu Jovina amechoka kulisikia.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu Agosti najifunza uchoraji kwa Fundi Akberali, ndani ya bohari lililokuwa la mbata na ambalo bado linanuka mbata. Fundi huchora picha za kutundika sebuleni, Wahindi wa mjini huzinunua, na hoteli mbili za chai zinazo. Lakini picha anayoichora ni moja. Ni karatasi ya kalenda ya mwaka 1929, kalenda ya watu wa biskuti, yenye mandhari ya bingwa mmoja wa Kiholanzi aliyekufa zamani: mto, ng'ombe watano, miti, kinu cha upepo, na juu yake anga kubwa lenye mawingu. Fundi ameipiga mistari ya penseli ikawa miraba arobaini na nane, minane kwenda kulia, sita kwenda juu. Sie tunainakili mraba kwa mraba. Anayeanza hupewa safu ya chini. Akiiva, hupanda. Safu mbili za juu, za anga, hupewa mtu ambaye Fundi amekubali kwamba ni mchoraji.

Safu ya chini ni matope.

Nimechora matope miezi saba. Ni matope ya ukingo wa mto ambao sijawahi kuukanyaga, na nayachora vizuri kuliko mtu yeyote Temeke, pengine kuliko mtu yeyote Uholanzi. Jovina anasema, "Baba Gozbert, matope yapo mlangoni bure."

Alhamisi, 12 Machi

Masika yameingia. Matope ndani, matope nje.

Jumatatu, 16 Machi

Leo amekuja Fakihi, mpiga picha wa Kinondoni, baiskeli ikiwa begani kwa sababu njia haipitiki. Anataka pazia la kuning'iniza nyuma ya wateja wake, futi kumi na mbili kwa tisa, liwe tayari kwa tarehe mbili Juni, siku Malkia mpya atakapovishwa taji kule London. Anasema siku hiyo watu watataka kupigwa picha wakiwa wamesimama Ulaya. Fundi hajawahi kumfanyia kazi mpiga picha, lakini aliitikia kabla mtu hajamaliza kusema.

"Nataka Uingereza," alisema Fakihi.

"Ipo." Fundi akamwonyesha kalenda.

Fakihi aliinama mbele ya kinu cha upepo. "Hili pangaboi la nini?"

"La kusagia unga."

"Uingereza wanaweka mapangaboi nje?"

Nikasema, kwa adabu, kwamba kwa ninavyojua mie kinu kile ni cha Uholanzi. Fundi hakugeuza shingo. "Karani, Ulaya ni moja. Rudi kwenye matope."

Jina langu ni Revelian. Fundi hajalitumia tangu Agosti.

Mauwa alicheka mpaka akaweka brashi chini. Huyu ndiye mwanafunzi mkubwa, Mzaramo wa hapahapa, ambaye alianza kwa kuwapaka maharusi hina na piko. Mkono wake hautikisiki hata ukimwambia nyumba inaungua. Miti yote ni yake, na siku hizi anapewa mawingu ya pembeni. "Kaka wa Bukoba," aliniambia, "wewe endelea tu kuijua Ulaya kutokea chini."

Nieleze na habari ya wekundu, maana ndiyo nusu ya maisha yetu. Katika kalenda ya Fundi kila kitu kina uzi mwembamba mwekundu upande wake wa kushoto. Ng'ombe wanao, miti inayo, mawingu yanayo, hata nyayo za ng'ombe kwenye matope yangu zinazo. Fundi anauita uhai. Unachora kitu, unasubiri kikauke, kisha unakitia uhai, na upana wake usizidi njiti ya kibiriti. Njiti yenyewe anayo sikioni kwa ajili ya kupimia. Miaka ishirini na minne anawaambia watu kwamba siri ya bingwa yule ni huo wekundu, na kwamba wachoraji wa mjini wanaochora bila wekundu wanachora maiti.

Fakihi naye aliutazama. "Kwa upande wangu, huo wekundu," alianza, "kwa kazi yangu mie..."

"Hauondolewi," alisema Fundi.

"Sijasema uondolewe. Nasema tu..."

"Mvua inakuja. Wahi."

Fakihi akajitwika baiskeli yake akaenda zake.

Jumapili, 22 Machi

Barua kutoka kwa binamu yangu Apolinari, karani mkuu wa shamba la mkonge. Nafasi yangu bado ipo. Atanishikia mpaka tarehe mosi Juni, baada ya hapo anampa mtu mwingine. Jovina aliisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili polepole.

"Uliniambia mchoraji ni yule anayepewa anga. Ni kweli si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi ikifika tarehe mosi Juni hujapewa anga, tunafunga mizigo. Mie sikuolewa na mtu wa matope. Niliolewa na karani, na karani alikuwa na viatu."

Nimekubali. Viatu kweli sina.

Jumanne, 7 Aprili

Pasaka imepita. Paa la bohari linavuja mahali pamoja tu, juu ya anga. Juu ya matope yangu ni pakavu kama Dodoma.

Jumatatu, 13 Aprili

Leo kumetokea jambo.

Fundi ana mpwa, Zarin, mwalimu wa shule ya wasichana mjini, ambaye pia humchukulia barua zake posta. Binti mpole, anavaa miwani. Ndugu yake aliyeko Ulaya amemletea picha aliyoinunua kwenye jumba la makumbusho lenyewe, kule ambako kazi ya bingwa imetundikwa. Ni picha yetu. Zarin aliileta imeviringishwa ndani ya mwavuli ili isilowe, akaikunjua mezani uso unamng'aa.

"Mjomba, ile kalenda yako imechoka. Nimekuletea mpya."

Tukaizunguka. Ng'ombe ni walewale watano, kinu ni kilekile, nyayo kwenye matope ni zilezile. Nilizitambua moja moja kama jamaa zangu.

Wekundu haupo.

Haupo popote. Mauwa alinitazama, mie nikaitazama dari. Fundi alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akamshukuru Zarin, akamuuliza kama amekula, akasema leo tufunge mapema.

Jumanne, 14 Aprili

Sitaficha. Jana nilirudi nyumbani nikikaribia kupiga mluzi. Mtu amekutesa na njiti ya kibiriti miezi minane, kisha unagundua kwamba alichokuwa anakupimia si siri ya bingwa bali kosa la mashine. Nalijua kosa hilo. Korogwe tulikuwa na fomu zilizochapwa vibaya, rangi nyekundu imeteleza kidogo kushoto, kila herufi ina mwenzake pembeni. Mashine hupiga rangi moja moja. Nyekundu ikikaa vibaya, basi ndiyo uhai huo.

Nilimweleza Mauwa asubuhi kabla Fundi hajafika. Alisikiliza huku anakoroga gundi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hongera. Sasa nichoree ng'ombe mmoja bila wekundu."

Nimejaribu usiku huu, juu ya kipande cha sanduku. Ng'ombe ana miguu minne na pembe mbili, hakuna kilichokosekana, lakini anafanana na kitu kilichowekwa pale ili kionekane kimewekwa. Nadhani tatizo ni taa.

Jumamosi, 18 Aprili

Siku nne Fundi amekaa mbele ya picha mbili, ya kalenda na ya Zarin, hachori, hasemi. Leo ametoa hukumu.

"Wameupoteza," alisema.

"Wameupoteza nini, Fundi?"

"Wekundu. Hii ya kalenda ni ya ishirini na tisa. Hii ya Zarin ni ya juzi. Baina yake kulikuwa na vita. Picha imehamishwa, imeguswa, imeoshwa na watu wasiojua. Karani, lete kalamu."

Ukweli ulikuwa mdomoni. Mauwa alikanyaga mguu wangu. Nikaleta kalamu.

Fundi anasoma Kigujarati, na Kiswahili kidogo, Kiingereza hapana. Kwa hiyo alisema kwa Kiswahili, mie nikaandika Kiingereza, barua ya kwenda jumba la makumbusho Uholanzi. "Waambie," alisema akitembea huku na huku, mikono nyuma, "sie huku Temeke tumeutunza wekundu wa bwana wao miaka ishirini na minne. Nyie wenye picha mmeulinda vipi? Waulize nani alikuwa na zamu. Waambie wakitaka tutawaonyesha ulivyokuwa, tuna vipimo." Nilipofika hapo nilimuuliza kama niandike habari ya njiti ya kibiriti. Akasema niandike.

Imekuwa kurasa tatu. Ni barua bora niliyowahi kuandika, na Mungu anisamehe, nilifurahi kuiandika.

Ila Fundi aliongeza jambo. Mpaka jibu lije, hapana wekundu. Hawezi kuweka uzi kwenye kazi kubwa namna hii wakati jambo lina mjadala. Pazia la Fakihi tutachora kila kitu, halafu uhai utasubiri posta.

"Na wasipojibu?" aliuliza Mauwa.

"Basi itajulikana wana aibu. Na mie nitafunga duka, maana nitakuwa sijui nilichokuwa nafundisha."

Alilisema kama mtu anayesema mvua itanyesha kesho. Duka likifungwa hakuna anga, na bila anga hakuna la kumwonyesha Jovina. Bahati yangu sasa iko mikononi mwa mtu wa Uholanzi ambaye huenda hapendi kujibu barua.

Alhamisi, 23 Aprili

Hakuna barua. Mvua. Matope.

Jumanne, 28 Aprili

Hakuna barua. Fakihi amekuja kuuliza. Ameambiwa asubiri posta. Akasema, "Lakini Fundi, hata kama wekundu haupo, kwangu mie ni..." Fundi alimwambia kwamba watu wasiochora ndio wepesi kusema haijalishi. Fakihi alinitazama mie kuomba msaada. Nilikuwa na matope.

Jumapili, 3 Mei

Sijaenda kazini. Jovina ameanza kukunja nguo za masanduku ya chini. Nilimuuliza anafanya nini, akasema anaanika zisipate ukungu. Anazianika ndani ya sanduku.

Jumamosi, 9 Mei

Usiku wa jana ilinyesha mvua ambayo hata wazee wa hapa wanasema hawaikumbuki, ingawa wazee wa hapa husema hivyo kila mwaka. Asubuhi tulipofungua bohari, pazia lilikuwa bado limening'inia, ng'ombe wazima, kinu kizima, matope yangu hayana hata tone. Anga lote, kazi ya wiki mbili ya Fundi, lilikuwa limeteremka sakafuni. Rangi yetu ni ya unga na gundi. Maji yakiigusa inaondoka kama haijawahi kuja. Mawingu yalikuwa dimbwi moja la kijivu, na ndani yake ameketi chura.

Fundi alimtazama yule chura. Kisha akasema, "Halikuwa na wekundu. Lingejishikilia kwa nini?"

Nilitaka kusema kwamba lingejishikilia kama paa lingezibwa, kama nilivyoshauri Machi, na Aprili mara mbili. Mauwa hakuwepo. Huu ni mwezi wa Shaabani, kila mtu anaoza binti kabla ya Ramadhani, na Mauwa amechukuliwa na maharusi saba mpaka mwezi uandame. Kwa hiyo tulikuwa wawili, na wiki tatu na ushee, na anga la futi kumi na mbili.

Nikaona mlango umefunguka. "Fundi," nilisema, "mikono miwili haitoshi. Nipe wingu moja."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba binti. Lakini akanipa ubao na brashi, akaniambia ninakili wingu la katikati, lile kubwa, kutoka kwenye kalenda. Kama litakubalika, nitapanda.

Nilifanya kazi tangu saa mbili asubuhi mpaka alasiri. Sikuenda kula. Nilipima kila mkunjo kwa rula, nikagawa mraba kuwa miraba midogo kumi na sita. Nilipomaliza, lile wingu ungeweza kulilaza juu ya lile la kalenda na lisingezidi unywele. Fundi alilichukua, akalipeleka mlangoni penye mwanga, akalirudisha.

"Hakuna kosa," alisema.

Nikaweka rula chini.

"Hili ni wingu la ofisini. Limekaa linangoja saini."

"Lakini ni sawasawa na la kwenye karatasi, Fundi. Pima."

"Sipimi. Ndiyo shida yako. Unachora kama mtu anayeogopa kukaguliwa. Kila kilichopo kwenye karatasi unanipa, na hicho tu unanipa."

"Si ndiyo maana ya kunakili?"

"Mie nanakili miaka ishirini na minne," alisema, na sauti ilipanda kidogo. "Mie nanakili. Nani amekwambia mie nachora vya kwangu? Lakini ng'ombe wangu wanataka kunywa maji. Wako wangetaka kwenda likizo."

Akachukua ndoo akaanza kufuta dimbwi. Alipiga magoti peke yake, mtu wa miaka sitini na tatu, anakamua mawingu yake ndani ya ndoo. Nikachukua kitambaa kingine nikapiga magoti upande wa pili. Nilikuwa na hasira naye kiasi cha kumtupia chura, na wakati huohuo nilikuwa namhurumia, na sikujua la kufanya na vitu viwili hivyo kwa pamoja, kwa hiyo nilikamua.

Ijumaa, 15 Mei

Ramadhani. Fundi alianza jana, Mauwa leo; kila mmoja anamwona mwenzake hajui kuhesabu. Nimekuwa mtu pekee bohari zima anayeweza kunywa maji, nami naona aibu kuyanywa. Hakuna barua.

Jumatano, 20 Mei

Fundi amechora anga upya, nusu. Saa za alasiri saumu inamlazimisha kushuka ngazi. Akifika mahali pa wekundu anaacha, anatazama mlango kama anasubiri mtu.

Hakuna barua.

Jumamosi, 23 Mei

Fakihi amesema akifika tarehe mbili bila pazia atasimamisha watu mbele ya shuka. Mauwa akamwambia atafute shuka yenye maua. Jovina amefunga sanduku la pili.

Jumatano, 27 Mei

Imekuja.

Fundi aliingia nayo mwenyewe saa tatu asubuhi, amelowa, ameishika chini ya koti. Bahasha ndefu, stempu ya Uholanzi. Midomo ilikuwa imemkauka kwa saumu. Aliketi juu ya kreti, akanipa, akasema, "Soma, Karani." Mauwa akaacha miti akaja kusimama nyuma yangu.

Gundi ya bahasha ilikuwa mbichi, ikafunguka bila kuchanwa. Sikushangaa, mji mzima una unyevu.

Nikasoma kimya kwanza. Mistari sita. Wanashukuru kwa barua. Picha haina wekundu uliotajwa na haijapata kuwa nao. Bila shaka ni dosari ya uchapaji katika kalenda husika, rangi nyekundu iliyoteleza. Wanamtakia kila la heri. Sahihi.

Ndivyo nilivyosema tangu Aprili. Kwa miezi tisa nilikuwa nikingoja siku mtu mwenye mamlaka amwambie Fundi Akberali kwamba amekosea, na sasa mtu huyo alikuwa mkononi mwangu, kwa mashine ya taipu, na muhuri juu. Niliinua macho. Fundi alikuwa ametoa njiti ya kibiriti sikioni, anaizungusha vidoleni. Nyuma yake pazia, ng'ombe watano wasio na uhai, wanangoja.

"Bwana Akberali," nilisoma, "tumepokea barua yako kwa heshima kubwa."

"Enhe."

"Ni kweli wekundu ulikuwepo. Wakati wa vita picha ilifichwa kwenye ghala chini ya ardhi, ikaota ukungu. Walipoitoa wakaiosha kwa sabuni, na ule uzi wa kushoto, ambao bingwa aliuweka mwisho kabisa, ukatoka. Aliyekuwa na zamu amestaafu. Wanasikitika sana. Wamefarijika kusikia kwamba kule Temeke umehifadhiwa kwa vipimo."

Fundi aliacha kuizungusha njiti.

"Soma tena hapo penye wekundu."

Nikasoma tena. "Ni kweli wekundu ulikuwepo, ila baada ya vita, walipoifuta kwa spiriti..."

"Mara ya kwanza ilikuwa sabuni."

"Sabuni, halafu spiriti."

"Na ukungu?"

"Ukungu ulikuwa kabla."

"Kiingereza ni lugha ya ajabu," alisema Fundi. "Mistari sita, wewe umesoma ukurasa."

Mauwa nyuma yangu alitoa sauti ndogo kama mtu aliyemeza inzi. "Na mwezi wenyewe huu," alinong'ona.

"Zarin alinisomea jana palepale posta," alisema Fundi. "Mara tatu. Kisha nikaifunga kwa gundi yetu."

Nilitamani lile paa liniangukie. "Sasa Fundi, kwa nini umeniletea niisome?"

"Nilitaka kusikia kama itakuwa vilevile ikisomwa Temeke."

Alitazama pazia, na kalenda, na ile picha ya Zarin, kisha mikono yake mwenyewe, iliyokuwa na wekundu wa zamani chini ya kucha ambao hautoki kwa kitu chochote.

"Usiku kucha nilikuwa nafunga duka," alisema. "Nilifunga, nikafungua, nikafunga. Kisha nikawaza. Miaka ishirini na minne nilidhani nanakili. Kumbe bwana yule hakuuweka wekundu. Basi nani ameuweka?"

"Mashine, Fundi," alisema Mauwa taratibu.

"Mashine iliteleza mara moja. Mie nimeuweka mara elfu."

Akasimama kwa kujisukuma magoti, akaja mpaka kwangu, akachukua ile barua akaikunja akaiweka mfukoni. Nilidhani ananifukuza.

"Na wewe. Miezi tisa hujanipa chochote isipokuwa kilichopo kwenye karatasi. Leo umenipa ghala, na ukungu, na mzee aliyestaafu. Niliuona ule ukungu, Revelian." Akaweka brashi mkononi mwangu, ile pana, ya anga. "Anza na wingu la katikati. Likikaa kama la ofisini nakurudisha matopeni. Na wekundu weka. Njiti moja."

Jumapili, 31 Mei

Siku nne nimekuwa juu ya ngazi. Nimelichora lile wingu mara tatu, nikalifuta mara mbili. La tatu limepinda upande wa kulia mahali ambapo la kalenda halikupinda. Nilikuwa namfikiria yule mzee aliyestaafu. Fundi alilitazama akasema, "Hili limetoka mahali." Sijui kama ni sifa. Mauwa anasema ni sifa, na kwamba ameingoja miaka minne yeye.

Mie na Mauwa tulitia uhai usiku na mchana, ng'ombe, miti, mawingu. Leo lori la kuni limebeba pazia kwenda Kinondoni, chini ya maturubai mawili, na Fundi ameketi juu yake kama mtu anayesindikiza bibi harusi.

Jumatatu, 1 Juni

Jovina ameamka, amelitazama sanduku, amenitazama.

"Umepewa anga?"

"Nimepewa."

"Lote?"

"Wingu moja kubwa."

Alifikiri. Kisha akafungua sanduku akaanza kutoa sufuria. Nikamwandikia Apolinari. Na leo, kwa mara ya kwanza, nimelitumia daftari hili kwa kazi lililotengenezewa. Jina: Revelian. Siku: 1 Juni. Sababu ya kutofika: wingu halijakauka.

Jumanne, 2 Juni

Mizinga mjini, bendera, mvua nyepesi. Kinondoni watu walipanga mstari mpaka kisimani: timu ya mpira na kombe la kuazima, kwaya, Wahindi wawili na bibi yao kitini. Wote wamesimama Ulaya, migongo kwenye matope yangu. Fundi alikuwa anawaelekeza wasogee kulia wasizibe wekundu. Jovina amepigwa picha, amembeba Gozbert, wingu langu liko juu ya kichwa chake. Fakihi alikataa kuongea na yeyote kati yetu, alikuwa anafanya kazi.

Jumamosi, 6 Juni

Fakihi ameleta picha za mfano bohari, amezipanga mezani juu ya kalenda. Tukainama, Fundi, Mauwa na mie.

Kombe la kuazima ni jeusi. Bendera ni nyeusi. Ng'ombe ni weupe na weusi, na ule uzi wa kushoto, uliosimamisha kazi wiki sita na kunifanya niseme uwongo mchana wa Ramadhani, ni kamstari ka kijivu unaweza kukafuta kwa kidole.

Hakuna kati yetu, tangu Machi, aliyekumbuka kwamba kamera ya Fakihi haina rangi.

"Nilijaribu kuwaambia," alisema Fakihi. "Tangu siku ya kwanza. Kila nikifungua mdomo, mvua inakuja, wahi."

Fundi aliinua picha ya Jovina na Gozbert, akaisogeza karibu na miwani, akaisogeza mbali. Lile wingu lilikuwa limepinda kulia, linakwenda mahali. Akaitoa njiti sikioni, akapima kamstari ka kijivu, akairudisha.

"Wekundu wangu wameupeleka wapi hawa wa kamera?" alisema. "Revelian, lete kalamu."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Sikuweza kujua. Nikaleta kalamu.